Kwa nini jino la kupandikiza lisubiri miezi mitatu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwaka juzi niling'olewa gego la chini. Daktari wangu anasema akiniwekea skrubu sasa, jino lenyewe nitalipata baada ya miezi mitatu. Nina kisukari, natumia vidonge. Kwa nini nisubiri hivyo, na je, sukari itanizuia?

JIBU: Marahaba. Daktari wako yuko sahihi. Huko kusubiri ndiyo tiba yenyewe. Siku ya kwanza skrubu ya titani (aina ya metali), inayoshika nafasi ya mzizi wa jino ndani ya taya, inakaa kwa kubanwa tu, kama msumari kwenye mbao. Wiki zinazofuata mwili unaula ule mfupa uliobanwa ili ujenge mpya, kwa hiyo skrubu hulegea kidogo kabla ya kukaza. Ukitafunia muhogo wa kuchoma upande huo, inatikisika, na panapotakiwa kuota mfupa panaota nyama laini. Hapo hakuna la kufanya ila kuitoa na kuanza upya. Taya la juu, lenye mfupa laini zaidi, huweza kuhitaji hata miezi sita.

Kwamba titani hushikana na mfupa tulijua kwa bahati. Miaka ya 1950 Msweden Per-Ingvar Brånemark aliweka vifaa vya titani kwenye mifupa ya sungura, akaja kushindwa kuvitoa: mfupa ulikuwa umevishika. Mgonjwa wake wa kwanza wa meno alimpandikizia mwaka 1965. Mpaka leo tunauonea huruma mfupa wa taya unaopokea skrubu. Tunatoboa polepole huku tukiumwagia maji ya chumvi, maana ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu unaumia.

Kisukari peke yake hakikuzuii. Sukari isiyodhibitiwa ndiyo inayochelewesha kidonda na kukaribisha usaha. Nenda na majibu ya kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c). Mimi yakiwa chini ya asilimia 7 naendelea bila hofu. Kama unavuta sigara, iache kabla ya upasuaji.

Kinachonisumbua zaidi ni ile miaka miwili tangu ung'olewe gego. Jino likitoka, taya hupungua upana, na kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza. Skrubu ya milimita 4 inataka mfupa wa upana wa kama milimita 7, na chini ya magego unapita mshipa wa fahamu wa mdomo. Ukiumizwa, mdomo unaweza kubaki na ganzi. Kwa hiyo usikubali kutobolewa kabla ya picha ya CT, yaani eksirei inayoonyesha mfupa pande zote. Mfupa ukiwa mwembamba, kwanza utaongezewa mwingine, na muda utakuwa mrefu zaidi.