Jibu: Rangi inakauka kabla sijamaliza uso wa sanamu

Mkuu, umeuliza kwa nini rangi ya akriliki (ya maji) inakukaukia kisahanini kabla hujamaliza uso wa kisanamu kimoja cha askari, na kwa nini praima ya kupuliza, yaani rangi ya msingi ya kopo, imeacha chengachenga. Kwa joto na upepo wetu wa Lindi, yote mawili ni ya kawaida.

Kwa rangi kukauka, chukua kontena la chakula lenye mfuniko, tandika sponji iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea, kisha weka rangi hapo. Inanyonya maji toka chini. Ukifunika, kesho unaikuta mbichi. Feni igeuzie kwingine.

Uso wa sanamu ya kimo cha milimita 28 ni mdogo kuliko punje ya muhindi, kwa hiyo rangi nzito inafuta pua na midomo. Ichanganye na maji, pitisha tabaka mbili nyembamba. Macho yaanze, ngozi ifuate kuyazunguka. Ukivuka mstari unarekebisha kwa rangi ya ngozi. Mimi hapo ndipo napopapenda kuliko kote!

Chengachenga ni praima iliyokauka hewani. Puliza ukiwa sentimita 20 hadi 30 toka kwenye sanamu, mahali pasipo upepo. Masika tumia praima ya brashi tu, unyevu unaharibu ya kopo. Na sanamu ioshwe kwa sabuni kwanza.