Nilijaza kurasa nane, nikapata sapu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nasomea ualimu wa Historia na Kiswahili. Koswaki (kazi za muhula) nilikuwa na 22 kati ya 40, UE (mtihani wa mwisho wa chuo) nikapata 14 kati ya 60. Swali nililolitegemea lilikuwa hili: "Azimio la Arusha la 1967 lilimnufaisha mkulima mdogo kwa kiasi gani? Jadili." Nilijaza kurasa nane! Sapu, yaani mtihani wa marudio, ni Septemba. Nakosea wapi?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Nimesahihisha mitihani ya Historia miaka mingi, kurasa nane za aina hiyo nazijua: tarehe ya Azimio, masharti ya uongozi, benki zilizotaifishwa, vijiji vya ujamaa. Yote kweli. Lakini hukuulizwa Azimio ni nini. Umeulizwa "kwa kiasi gani", nawe hukupima.

Chukua karatasi, andika jibu kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Azimio lilimsogezea mkulima shule na zahanati, lakini lilimpunguzia sauti juu ya shamba na mazao yake." Huo ni msimamo, na msahihishaji anautaka aya ya kwanza. Sasa uliyoyakariri yanapata kazi. Elimu ya msingi kwa wote inaingia upande wa faida. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, watu walipohamishwa, wengine kwa nguvu, inaingia upande wa hasara, pamoja na kuvunjwa kwa vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Masharti ya uongozi? Yaache. Yalimhusu kiongozi, na wewe umeulizwa mkulima. Najua inauma kuacha kitu ulichokikeshea, ila kiache.

Muda: maswali manne kwa saa tatu ni dakika 45 kila moja. Tano za kwanza panga hoja zako ukurasa wa nyuma, kisha zikate kwa mstari. Dakika zikiisha, hamia swali jingine hata kama hujamaliza. Swali lililoachwa tupu halina alama hata moja.

Halafu acha kupiga msuli kwa kusoma madesa (notisi za kupeana) kwenye simu tu. Tafuta pasti pepa, weka saa mezani, andika kwa kalamu mpaka mkono uzoee. Anza Jumamosi hii na swali hilohilo lililokuangusha. Aya ya kwanza nitumie, nitaisoma.