Jibu: Kongamano lisubiri, anzeni na mkutano wa kijiji

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba wewe na wenzako wa Morogoro mnataka kuanzisha harakati ya kitaifa ya kurejesha maadili, na mnauliza kama mwanze kwa kuitisha kongamano Dodoma. Ninauelewa uchungu wenu, kwani siku hizi hata mtu mzima huogopa kumkanya mtoto wa jirani, lakini ningewashauri kongamano lisubiri.

Mwendeeni kwanza mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mkaombe nafasi katika mkutano wa wananchi, na hapo waulizeni wenyewe, Waislamu, Wakristo na wengineo, ni maadili gani wanayoyakubali kwa pamoja. Kwa uzoefu wangu, watu hupatana upesi juu ya uaminifu katika fedha za umma na malezi ya watoto, ila hugawanyika mjadala ukifika kwenye mavazi. Basi anzeni na hayo wanayopatana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi miiko, nanyi wekeeni viongozi wenu miiko kabla ya kumwonya mwananchi yeyote, ikiwemo kusoma mapato na matumizi hadharani.

Mkitaka kuvuka mkoa, jisajilini kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, chini ya sheria ya mwaka 2002, na wakili aipitie katiba yenu. Msikubali kamwe vijana wenu wawachape au kuwaaibisha watu. Mkikuta mtoto anayefanyiwa ukatili, msilimalize suala hilo kifamilia: lipelekeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au pigeni 116.