Bonsai haikai sebuleni, na majibu mengine

Masika yanakaribia, na maswali mengi ya safari hii ni ya meza na nguzo za kuwekea bonsai, yaani miti iliyofupishwa na kutunzwa vyunguni, uani. Mengine tumeshayajibu humu, ila naona bado yanakuja.

Shikamoo mwalimu. Nimechongewa kimeza kizuri cha mninga. Naweza kukiweka sebuleni na bonsai yangu ya mkwaju juu yake? (Chumbageni)

Marahaba. Hapana. Mkwaju ni mti wa jua, na kufupishwa hakujaubadilisha tabia. Hata Omiya kule Japani, kitongoji kilichoanzishwa mwaka 1925 na watunza bonsai waliohama Tokyo baada ya tetemeko la 1923, mahali pa mti ni nje juu ya ubao. Ndani huingizwa kwa siku chache ili utazamwe, kisha unarudi kwenye upepo wake. Kimeza chako cha mninga kitumie kwa siku hizo.

Fundi anasema mbao za paini za mbili kwa nne zinatosha, na miguu aichimbie chini futi moja na nusu ili meza isitikisike. Ni sawa? (Mikanjuni)

Mbao zinaweza kufaa. Kuzichimbia, usikubali hata kidogo.

Meza yangu ya kwanza ilijengwa hivyo hivyo. Kwa macho ilikuwa nzima, rangi haijabanduka. Siku moja baada ya mvua nikainama kuokota kijiko cha bustani, nikaegemea mguu mmoja, kidole gumba kikazama ndani ya mbao kama kwenye mkate. Ndani hamkuwa na kitu ila udongo wa mchwa. Juu yake kulikuwa na mkomamanga wa miaka tisa.

Mguu usimame juu ya tofali la saruji au zege lililoinuka kutoka ardhini, ili mchwa akitaka kupanda ajenge njia yake nje, uione na uibomoe. Kama ni nguzo moja, mwagia zege chini, tegesha kipande cha chuma ndani yake, kisha funga nguzo kwenye chuma kwa bolti, mbao isiguse udongo. Paini nunua iliyotiwa dawa, na usiamini ukijani wa juu. Mwombe muuzaji akate ncha: kama ndani ni nyeupe tupu na kijani kimeishia kwenye ngozi, umeuziwa rangi. Mwenye uwezo achukue msaji. Sisi wa Tanga tuna shamba la misaji la Longuza, Muheza, hatuna sababu ya kulialia.

Jambo jingine hukuuliza, lakini fundi wako atakosea tu. Atataka kubananisha mbao za juu kama meza ya kulia chakula. Mwambie aache nafasi ya upana wa kidole kati ya ubao na ubao, maji yapite na hewa ipande kwenye matundu ya chungu. Meza iliyozibwa, au iliyowekwa vigae, inageuka sinia la maji, na mizizi inaoza huku wewe unasifiwa kwa kumwagilia. Misumari ya kawaida kwa chumvi hii ya bahari inalia kutu mapema. Tumia skrubu na bolti za chuma kisichoshika kutu.

Kuna kijana ananiletea boriti za mikoko kwa bei nafuu sana. Nimesikia mchwa hawaziwezi. (Sahare)

Ni kweli boriti ni ngumu. Na ndiyo maana zinaibwa. Mikoko ya pwani yetu ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila kibali, na huyo kijana anayekuja na baiskeli alfajiri hana kibali. Mikoko hiyo ndiyo inayozuia bahari isile ufukwe, na ndimo samaki na kamba wanamokulia. Mtu anayejidai kupenda miti hadi akaitunza vyunguni hawezi kuilaza juu ya maiti ya mti mwingine. Mrudishie boriti zake. Na mkinitumia tena picha za mbuyu mchanga mlioung'oa porini, sitazijibu.

Meza iwe na kimo gani? (Pangani)

Katikati ya shina iwe karibu na usawa wa macho ya mtazamaji. Kwa anayesimama, mti mkubwa uweke kiunoni, mdogo kifuani. Kama wageni wako hukaa barazani, shusha. Ule unaoning'inia kama maporomoko upe nguzo yake peke yake, ndefu. Acha angalau shibiri mbili kati ya mti na mti, na ugeuze chungu kila baada ya wiki mbili, la sivyo utakuwa na mti wa upande mmoja.

Vanishi au rangi? (Makorora)

Kwa msaji, hakuna. Uache upauke.

Sisimizi wanapanda meza usiku. Niweke miguu kwenye makopo ya maji kama kabati la chakula? (Duga)

Usifuge mbu uani kwako. Paka grisi kuzunguka kila mguu, kisha kagua majani kwa chini: sisimizi wanafuata utamu wa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani. Ukiwaondoa vidukari, msafara utakatika wenyewe.

Upepo wa kusi umeniangushia vyungu viwili mwaka jana. (Raskazone)

Pole sana. Chungu cha sentimita 40 kwa 30, kina cha 10, kikilowa kinakaribia kilo 20, lakini tawi lenye majani linafanya kazi ya tanga. Funga chungu kwenye mbao kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, pande mbili, usipite juu ya mizizi. Mipira ibadilishwe kabla ya Aprili. Jua linaikausha, na hukatika bila taarifa.