Jibu kwa fundi wa kuchomelea anayetaka kujifunza uhunzi

Ndugu fundi, umeeleza kuwa umechomelea mageti kwa miaka mingi na sasa unataka kufua chuma nyumbani jioni kwa kujiburudisha, ukauliza kama ujuzi ulio nao utakufaa na kama uanze na kisu cha springi ya gari. Mimi nami niliingia uhunzini nikitokea kwenye mashine ya kukereza.

Ujuzi wako utakufaa, kwa kuwa vyuma unavijua na moto huuogopi. Hata hivyo, sisi wa karakana tumezoea kukata kilichozidi na kuunga kilichopungua, ilhali mhunzi huchukua chuma kilekile akakihamisha kutoka unene kwenda urefu. Chuma cha pande nne chenye unene wa milimita 12, ukikifua hadi kibaki 6, sehemu hiyo hurefuka mara nne. Ndiyo maana ukikata kipande kwa urefu kamili kabla ya kuanza, kama tulivyozoea, kitakuzidi.

Anza na ndoano ya kutundikia nguo, kwa chuma laini cha kawaida. Ncha yake usiifue ikiwa mviringo tangu mwanzo, kwa sababu kiini chake kitapasuka. Ifue iwe ya pande nne, zilaze pembe zake ziwe pande nane, ndipo uiviringe kwa mapigo mepesi. Piga chuma kikiwa na rangi ya chungwa au njano, na kikififia kuwa chekundu cha giza kirudishe motoni, hata kama limebaki pigo moja.

Springi iache kwanza, maana ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi na hupata nyufa ikipigwa ilhali imepoa. Siku ukiifikia, ukishaifua kuwa kisu igumishe hivi: ipashe moto hadi sumaku isiishike, iongezee joto kidogo, ichovye kwenye mafuta ya kupikia yenye uvuguvugu wala si kwenye maji, kisha ipashe tena kwa nyuzi 200 kwa saa moja au mbili, la sivyo itavunjika ikianguka sakafuni.

Kwa fuawe, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake, kipande cha reli kinatosha, nacho kisimamishe wima ili uzito wote uwe chini ya nyundo. Kinunue kwa risiti. Wizi wa vyuma vya miundombinu ndio uliofanya Kenya isitishe biashara ya vyuma chakavu kwa muda mwaka 2022.

Mabaki ya mabomba yenye zinki usiyatie motoni kabisa. Zinki huchemka kwa nyuzi 907, chini ya joto la kufulia, na ule moshi mweupe unaowapa wachomeleaji homa ya usiku hapa hutoka kwenye kipande kizima.