Jibu: Dirisha jipya la HiAce ya kulala linavuja
Pole ndugu, godoro la ndani ya hiyo HiAce yako, gari la kulala safarini, kulowa kila mvua ikinyesha ilhali mpira wa dirisha ni mpya inaudhi kweli. Kitoe kioo tena ukague ukingo wa bati. Mara nyingi kutu hujificha pale, na mpira haukai sawasawa juu yake. Piga msasa hadi chuma king'ae, paka praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma), kisha rangi, uache ikauke kabisa. Hapo usiharakishe hata kidogo.

Wakati wa kurudisha, vesha kioo mpira kwanza, zungusha kamba imara kwenye mfereji wa mpira unaoshika bati, ncha zipishane chini. Paka maji ya sabuni. Mwenzako asukume kwa nje, wewe uvute kamba ukiwa ndani ili mdomo wa mpira upande juu ya bati, taratibu, hasa kwenye kona. Silikoni (gundi ya kuziba) inayonuka siki usiitumie, inachochea kutu.