Mapacha na "wenzao": maswali yenu kuhusu ukuaji

Wiki hii barua nyingi zimetoka kwa wanaolea mapacha, na karibu zote zina neno moja: wenzao. Wenzao wanatambaa, wenzao wanasema. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, wasiwasi huo nauona mizanini kila siku.

Mapacha wangu wana miezi 9. Mtoto wa jirani aliyezaliwa siku moja nao anasimama dede, wangu ndio kwanza wanakaa. Walizaliwa wiki ya 34. Wamechelewa? (Mama mapacha, Dodoma)

Hapana, mama. Mimba ya mtoto mmoja kwa kawaida hufika wiki 39 au 40, lakini zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa njiti, yaani kabla ya wiki 37. Wako walitangulia kwa wiki 6. Ziondoe: hao ni watoto wa miezi saba na nusu, na wa umri huo akikaa mwenyewe yuko vizuri kabisa. Hesabu hivyo kwa kukaa, kutambaa, kutembea na kusema mpaka watimize miaka 2. Chanjo tu ndizo zifuate tarehe ya kuzaliwa. Ila ukiona mmoja anatumia mkono mmoja tu, au mwili umelegea au kukakamaa, usingoje tarehe ya kliniki.

Opiyo alizaliwa na kilo 2.6, Odongo kilo 2.0. Wana miezi 5 na Odongo bado mdogo. Mama mkwe anasema Opiyo alimla mwenzake chakula tumboni. (Kisumu)

Mapacha wa yai moja mara nyingi hushirikiana kondo moja la nyuma, na damu huweza kugawanyika bila usawa. Wasiofanana kila mmoja ana kondo lake, na ni ndugu kama ndugu wengine, huyu mnene, yule mwembamba. Hakuna aliyemwibia mwenzake, na nakuomba neno hilo lisifike masikioni mwao.

Mfuate Odongo kwenye mstari wake mwenyewe wa uzito, ule unaochorwa kwenye kadi ya kliniki. Ukipanda kila mwezi, hata ukiwa chini ya wa Opiyo, anakua. Ukilala miezi miwili, mpeleke. Halafu angalia vijitabu vyao visichanganyike. Nilishaona mstari wa pacha ukiruka juu na kuporomoka hadi mama akalia. Kumbe kadi zilipishana pale pale mezani. Mwezi uliofuata alikuja kadi ya mdogo ikiwa na uzi mwekundu umefungwa kwenye kona. Haijapotea njia tena.

Hassan na Hussein wana miaka miwili na nusu. Wanasemezana maneno yao na kucheka, lakini sisi wanatuonyesha kwa kidole tu. (Baba yao, Mombasa)

Hapa ndipo mapacha huachana kweli na waliozaliwa mmoja mmoja: wengi huchelewa kusema kwa miezi kadhaa. Unjiti unachangia, lakini jambo kubwa ni mazungumzo. Mtoto mmoja akiogeshwa, mama huongea naye tangu beseni hadi mafuta. Wakiwa wawili, mikono imejaa na maneno yanabaki amri: njooni, kaeni, acheni. Mwalimu wa kila mmoja anakuwa mwenzake, ambaye naye hajui. Hiyo lugha yao mara nyingi ni Kiswahili chenu hicho hicho: huyu anaita maji "mati", yule anaiga, na hakuna wa kuwarekebisha.

Basi baba, leo nenda dukani na Hassan peke yake, kesho na Hussein. Njiani mtajie paka, tuktuk, mahamri, na umngoje ajibu. Waite kwa majina, wasiwe "nyie mapacha". Ukimuuliza Hussein, Hassan asimjibie. Umri huo mtoto anatakiwa awe anaunganisha maneno mawili, kama "baba njoo". Ikiwa hata mmoja wao hafanyi hivyo, apimwe masikio mwezi huu huu.

Nina mimba ya mapacha. Maziwa yatatosha? (Iringa)

Kwa wengi hutosha, kwani titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Weka mto mapajani, mtoto mmoja chini ya kila kwapa lako, miguu yao ikielekea nyuma yako. Wakiwa njiti, waombe wauguzi wakuwekee kifuani ngozi kwa ngozi, ile njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978.

Wajukuu zangu mapacha wanaanza shule mwakani. Wataachwa nyuma? (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2006 ulinganisho wa matokeo ya darasa la tisa. Mapacha walizaliwa wakiwa wepesi kwa takriban gramu 900, lakini alama zao zilikuwa sawa na za wengine. Mwombe mwalimu tu ampe kila mmoja daftari lake na alama zake, hata wakikaa dawati moja.